Je, Mlinzi Aliyenyamaza Ana Deni?

Mwezi huu twapenda kuwaza pamoja nanyi juu ya neno moja lililoletwa mlangoni petu na mama mmoja wa mjini Unguja. Yeye ni mkaazi wa Ng'ambo, naye hujipatia riziki kwa kuuza vitumbua asubuhi. Binti yake alikuwa akitishwa na mtu wanayemjua, aliyewahi kumposa akakataliwa. Mara tatu mama huyu alikwenda kituo cha polisi. Alitaja jina la mtu yule, na nyumba akaayo, na maneno aliyoyasema, na kisu alichokionyesha. Mara ya kwanza aliambiwa kwamba mwandishi wa taarifa hayupo. Mara ya pili aliambiwa kwamba mtu hakamatwi kwa maneno matupu. Mara ya tatu askari alimwambia kwa upole, "Mama, haya ni mambo ya nyumbani; nendeni mkayamalize kwa wazee." Zilipopita siku nne, binti alichomwa kisu. Mungu amemponya, lakini vidole vya mkono wake wa kuume havikunjuki tena. Mwenye kisu alishikwa, akahukumiwa, akafungwa. Ndipo mama akatuuliza: "Ndugu zangu, yule aliyemchoma mwanangu analipa kosa lake. Na yule aliyeniambia nirudi nyumbani, je, yeye hana deni?"

Hatukumjibu siku ile. Tulimpa pole, tukamwomba atupe muda, maana swali lake si jepesi. Mahakimu wakubwa wa nchi nyingi wamelipima, na majibu yao hayakupatana. Walakini si swali la mawakili peke yao. Kila mtu aliyewekwa kuwaangalia wengine limempasa, naye kila mtu atumainiye kuangaliwa.

Tuanze na mambo yaliyo wazi. Kuna namna mbili za kumdhuru mtu. Ya kwanza ni kutenda baya. Ya pili ni kuacha tendo jema lililopasa kutendwa. Ya kwanza huonekana kwa macho, kwa kuwa mkono ulioshika kisu una damu. Ya pili haiachi alama mkononi. Aliyeacha kutenda huweza kunawa na kwenda kulala. Kwa sababu hiyo sheria za wanadamu ni nyepesi kumshika mtu wa kwanza, na nzito kumshika wa pili.

Tuweke mfano. Pale Forodhani vijana hujirusha baharini jioni. Ikiwa mtoto mmoja anazama, na mgeni aliyeketi ukutani anamtazama tu asinyoshe mkono, sote twamwona kuwa mtu wa moyo mgumu. Walakini sheria tuliyoirithi kwa Waingereza haimdai kitu, kwa maana hakuna aliyemweka kuwa mlinzi wa mtoto yule. Bali ikiwa aliyeketi ni baba yake mtoto, au mwalimu aliyewaleta wanafunzi kuogelea, neno hugeuka. Huyu alikwisha kumchukua mtoto katika ulinzi wake, na watu wengine waliacha kumwangalia kwa kuwa walijua yuko naye. Basi swali lote ni hili: askari polisi tumweke upande gani? Pamoja na mgeni ukutani, ama pamoja na baba na mwalimu?

Tukitazama maandiko ya sheria, jibu laonekana kuwa jepesi. Katika Jamhuri yetu, Polisi ni jambo la Muungano, hivyo askari wa Malindi na askari wa Mwanza wako chini ya Inspekta Jenerali mmoja, ingawa Zanzibar ina Kamishna wake. Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322, yataja kazi zao: kutunza amani, kusimamia sheria, kuzuia makosa na kuyagundua, kuwakamata wakosaji, na kulinda mali. Katiba ya Muungano ya 1977, katika ibara ya 14, haisemi tu kwamba mtu ana haki ya kuishi. Yasema pia kwamba anastahili kuhifadhiwa maisha yake na jamii. Katiba ya Zanzibar ya 1984 nayo yatambua haki ya kuishi na usawa wa watu mbele ya sheria. Kuzuia makosa, basi, si hisani ya askari bali ni kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Tena kuna sababu nyingine iliyo kubwa kuliko maandiko. Zamani mtu aliyetishwa aliwakusanya ndugu zake wenye mikuki, wakalala mlangoni pake. Dola ilipokuja, ilituambia: wekeni chini mikuki yenu, wala mtu asijilipizie kisasi, sisi tutawalinda. Tuliyaweka chini, na twaona kuwa ni vema, maana nchi ya visasi haina usingizi. Lakini tazama hali ya mama huyu. Kama angewatuma wajomba wamkamate kijana yule na kumpiga, wao ndio wangefungwa. Amekatazwa kujilinda kwa mkono wake, na mkono ulioahidi kumlinda haukunyoshwa. Mgeni wa Forodhani hakumnyang'anya mtoto kitu cho chote. Dola imetunyang'anya silaha, tena kwa haki. Basi imechukua na mzigo.

Hata hivyo kisiwa hiki chajua tangu zamani kwamba sheria yaweza kuandikwa vizuri na bado isimfikie mtu. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Muhammed alitoa amri kwamba mahakama zisitambue tena haki ya bwana juu ya mtumwa. Lilikuwa jambo kubwa. Lakini amri ile haikumwendea mtumwa shambani chini ya mikarafuu. Ilimngoja aje barazani kudai uhuru wake. Aliyekuwa mbali, au asiyejua, au aliyeogopa, alibaki pale pale. Na masuria hawakuingizwa mpaka 1909. Wapinzani wa utumwa walilalamika kwamba wakubwa wa Serikali wameketi wakingoja, hali walijua hakika walipo watu waliofungwa. Hao wakubwa hawakuwa wamevunja sheria. Waliiacha tu ilale.

Tena tukumbuke Juni 1961. Tarehe 1, siku ya uchaguzi, fujo zilianza mjini, na siku zilizofuata zikaenea mashambani. Watu 68 waliuawa, karibu wote Waarabu, na mamia wakajeruhiwa, hata ikabidi askari waletwe kutoka ng'ambo ya bahari. Serikali ya Kiingereza iliunda tume chini ya Sir Stafford Foster-Sutton kuchunguza habari ile. Twalitaja jambo hili kwa sababu latuonyesha ugumu wa upande wa pili. Fujo zinapolipuka mahali pengi kwa saa moja, askari wachache hawawezi kuwa kila mahali. Mtu aliyekuwa peke yake shambani usiku ule aliihitaji Serikali kama yule binti wa Ng'ambo; lakini je, twaweza kumwambia askari mmoja aliyekuwa Mji Mkongwe, "Damu hii ni juu yako"? Hatuwezi. Basi haitoshi kusema kwamba kila dhara lisilozuiwa ni deni la polisi. Yatupasa kutafuta kipimo.

Na hapa twapenda kuwatendea haki walio na maoni mengine, maana si watu wapumbavu. Mwaka 1988 mahakama ya juu ya Uingereza, ambayo siku zile ilikuwa Baraza la Malodi, iliamua kesi ya mama mmoja aliyefiwa na binti yake, mwanafunzi katika mji wa Leeds. Binti aliuawa mwaka 1980 na Peter Sutcliffe, aliyekuwa amekwisha kuua wanawake wengi. Mama alidai kwamba polisi walizembea, na kama wangalifanya kazi yao vema, mwuaji angalishikwa kabla ya siku ile. Mahakimu walimkatalia. Sababu zao tunaweza kuzitia katika maneno matatu. Kwanza, binti hakuwa na uhusiano wa pekee na polisi. Alikuwa mmoja katika wanawake maelfu ambao mtu yule angaliweza kuwadhuru. Pili, askari akiogopa kushitakiwa atafanya kazi ya kujilinda nafsi yake, badala ya kuwalinda watu. Tatu, fedha na saa zitakazotumika mahakamani zitaondolewa katika kazi ya kuwatafuta waovu.

Sisi wa Unguja twaweza kuongeza sababu ya nne, nayo yatuuma zaidi. Tumeona pia polisi waliotenda kupita kiasi. Tarehe 26 na 27 Januari 2001, katika maandamano ya Unguja na Pemba, watu zaidi ya 30 walikufa, wengi kwa risasi za askari. Na habari zile zikachunguzwa na tume ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita. Mtu aweza kusema: mkimtisha askari kwa deni la kutotenda, hamtamsukuma apige kabla ya kufikiri?

Tuzijibu kwa taratibu. Neno la kwanza ni la kweli kwa yule binti wa Leeds, lakini si la kweli kwa binti wa Ng'ambo. Yeye hakuwa mmoja katika maelfu. Jina lake lilitajwa mezani, na jina la adui yake, na silaha yake. Neno la pili lina kweli ndani yake, lakini twauliza: mbona hatusemi hivyo kwa mganga? Mganga akimwacha mgonjwa afe bila kumtazama, sheria humdai. Wala hatujaona hospitali zikifungwa kwa hofu. Nahodha naye hudaiwa, na vyombo vingali vikivuka kwenda Pemba. Hofu ya kiasi humfanya mtu aangalie kazi yake. Neno la tatu, la fedha, ni zito katika nchi maskini, ambako kituo cha shamba huenda kina gari moja na siku nyingine halina mafuta. Lakini kumwandikia mama taarifa hakuhitaji petroli. Kumwita kijana yule na kumwonya hakuhitaji fedha. Umaskini ni udhuru kwa kazi isiyowezekana. Si udhuru kwa kazi iliyowezekana ikaachwa.

Na neno la nne, la askari kutumia nguvu kupita kiasi, twalijibu hivi: kutenda na kupiga si neno moja. Deni tunalolitaja ni la kusikiliza, kuandika, kuchunguza, kuonya, kumkamata mtu kwa sheria na kumfikisha mbele ya hakimu. Tena wajibu wa kuchunguza waendelea hata pale mtuhumiwa avaapo sare. Anayewalilia waliokufa 2001 na mama wa Ng'ambo hawapingani. Wote wawili wadai polisi iliyo chini ya sheria.

Mahakama za nchi nyingine nazo zimesogea kutoka mahali pale pa 1988. Afrika Kusini ilitangulia. Katika miaka ya 1970, mtu mmoja alipigwa ndani ya kituo cha polisi na sajini asiyekuwa zamuni, na askari waliokuwapo walitazama tu. Mahakama ya Rufani mwaka 1975 ilisema kwamba Waziri wa Polisi atalipa, kwa kuwa kutotenda kwao, mahali pale na wakati ule, kulikuwa kosa machoni pa sheria na machoni pa watu waadilifu. Mwaka 1998 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilitoa kipimo kinachotajwa hata sasa: Dola yavunja haki ya kuishi ikiwa wakubwa wake walijua, au iliwapasa kujua, kwamba maisha ya mtu fulani yako katika hatari ya kweli iliyo karibu, nao wasichukue hatua zilizo katika uwezo wao. Angalieni kwamba mlalamikaji wa siku ile hakushinda katika neno hilo la haki ya kuishi, kwa kuwa hakuweza kuthibitisha kwamba polisi walijua vya kutosha. Kipimo hiki hakimpi ushindi kila aliaye.

Uingereza yenyewe imebaki na moyo wa namna mbili. Mwaka 2009, katika mji wa Cardiff, mwanamke mmoja alipiga simu usiku kueleza kwamba aliyekuwa mpenzi wake amempiga na atarudi. Simu yake ilipopitishwa kutoka polisi wa jimbo moja kwenda kwa wa jimbo jingine, haraka yake ilipunguzwa. Na walipofika alikuwa amekwisha kuuawa. Mwaka 2015 mahakimu wa Mahakama ya Juu, kwa wingi wao, walikataa madai ya uzembe, lakini waliiacha njia ya haki ya kuishi ibaki wazi kwa jamaa zake. Ni kama kusema: hatuwezi kumwita askari mdeni kwa jina hili, lakini kwa jina lile, labda.

Turudi Afrika ya Mashariki, maana hapa ndipo neno hili lilipata jibu lililo wazi. Mwaka 2012, huko Meru katika Kenya, wasichana 11 waliokuwa wamenajisiwa, pamoja na shirika la Ripples International lililowatunza, waliwashitaki wakuu wa polisi. Hawakuwashitaki kwa kunajisi, bali kwa kutochunguza. Watoto hawa, au walezi wao, walikuwa wamekwenda vituoni. Wengine hawakusadikiwa; wengine walikemewa na kuaibishwa; taarifa zao hazikufuatwa, na waovu wakaendelea kupita mbele ya nyumba zao. Tarehe 27 Mei 2013 Jaji Makau wa Mahakama Kuu alitoa hukumu. Alisema kwamba polisi kwa kutotenda walivunja haki za watoto wale zilizo katika Katiba ya Kenya ya 2010. Kwamba uzembe wao uliwapa waovu moyo wa kuona hakuna wa kuwashika. Na kwa hiyo polisi nao, kwa njia isiyo ya moja kwa moja, wana sehemu katika madhara yaliyowapata watoto. Akawaamuru wachunguze kila shitaka upesi na kwa ustadi wa kazi yao.

Tafakarini hukumu hiyo, ndugu. Ukimya wa askari hapo haukuhesabiwa kuwa utupu. Ulihesabiwa kuwa neno alilolisikia mwovu, nalo lilimwambia: endelea.

Mwaka uliofuata, tarehe 28 Machi 2014, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo Arusha katika nchi yetu, iliamua habari ya Norbert Zongo, mwandishi wa magazeti wa Burkina Faso aliyeuawa Desemba 1998. Iliona kwamba Dola ile haikufanya bidii iliyopasa katika kuwatafuta na kuwahukumu wauaji. Na tarehe 10 Desemba 2020 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua madai ya watu wanane, wake kwa waume, waliotendewa ukatili wa aibu katika fujo zilizofuata uchaguzi wa 2007. Wanne kati yao wakaamriwa walipwe shilingi za Kenya milioni 4 kila mmoja. Kwetu Tanzania njia ya Arusha imepungua, kwa kuwa mwaka 2019 Serikali iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kuipeleka mbele ya mahakama ile. Lakini milango ya mahakama zetu wenyewe haikufungwa. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun, ilitangua sharti lililomtaka mtu apate kibali cha Serikali kabla ya kuishitaki. Mahakimu waliona kwamba mdaiwa hawezi kuwa bawabu wa mlango wa mahakama.

Basi, baada ya kuyapima haya yote, sisi twaona hivi. Askari aliyenyamaza ana deni, na Dola iliyomtuma ina deni pamoja naye, pale yanapokutana mambo manne. La kwanza, alijua, au iliwapasa wakubwa wake kujua, kwamba mtu fulani yu hatarini. La pili, hatari ilikuwa ya kweli na karibu, si tetesi ya sokoni. La tatu, palikuwa na tendo lililo ndani ya sheria na ndani ya uwezo wake ambalo lingaliweza kuizuia. La nne, hakulitenda, wala hakuwa na kazi nyingine iliyo ya haraka kuliko hiyo. Pakikosekana moja, twaweza kuhuzunika, twaweza hata kulaumu, lakini tusiseme deni la sheria. Kwa kipimo hiki, askari wa Juni 1961 aliyezidiwa na fujo huenda akawa huru. Askari aliyemsikiliza mama mara tatu akamrudisha nyumbani si huru.

Wako watakaosema, "Ajali haina kinga." Methali hii ni njema mdomoni mwa mwenye kufariji, lakini ni mbaya mdomoni mwa mwenye kudaiwa. Twakumbuka usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli MV Spice Islander I ilipozama katika mkondo wa Nungwi ikienda Pemba, imepakia watu kupita kiasi chake. Maiti zaidi ya 200 ziliopolewa, na wengi zaidi hawakuonekana tena. Kisiwa kizima kililia, na katika kulia tulisema ni amri ya Mungu. Haya, kufa ni amri ya Mungu. Lakini kuhesabu abiria bandarini si kazi aliyojiwekea Mungu, ameiacha mikononi mwa watu. Tusimsingizie yeye tuliyoyaacha sisi.

Sasa, wasomaji wapendwa, tusimalize kwa kumnyoshea kidole askari peke yake. Kwa nini alimwambia mama aende kwa wazee? Kwa sababu alijua kwamba ndivyo sisi wenyewe tupendavyo. Kisiwani kwetu tuna neno muhali. Jirani akimpiga mkewe, twaona muhali kusema. Mjomba akimharibu mtoto, ukoo hukutana usiku, fedha kidogo hutolewa, na siku ya kesi mashahidi hawaonekani. Sheha amesikia, mwalimu amesikia, mzee wa usharika amesikia. Serikali ya Zanzibar ilifungua kituo cha Mkono kwa Mkono katika Hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2011, na mwaka 2021 ikaweka mahakama maalum kwa makosa ya udhalilishaji; lakini mahakama haiwezi kusikiliza shahidi aliyekaa kwake. Asiyekuwapo na lake halipo. Hatuwezi kudai kwa askari bidii ambayo sisi wenyewe twaizima sebuleni.

Pia tusidai ulinzi kwa ajili yetu tu. Mei 2012 kanisa lilipochomwa moto mjini Unguja, na Februari 2013 Padre Evarist Mushi alipouawa kwa risasi akienda kusalisha ibada, Wakristo wengi waliuliza, "Polisi walikuwa wapi?" Lilikuwa swali la haki. Lakini mtu akiuliza swali hilo kwa kanisa lake, asiulize kwa jirani yake Mwislamu, wala kwa mwanamke asiye na dini yake, huyo hatafuti haki, atafuta upendeleo. Jirani zetu nao hufundishwa tangu chuoni kwamba kuona uovu na kutoukataza ni kosa. Neno hili si letu peke yetu.

Nasi tumelijua tangu katekisimo. Mafundisho ya amri ya tano hayakuishia katika kutoua. Yatutaka tumsaidie jirani katika shida za mwili wake. Nabii Ezekieli alionyeshwa mlinzi aonaye upanga ukija asipige tarumbeta: mtu afaye hufa, lakini damu yake hutakiwa mkononi mwa mlinzi. Nabii hakusema kwamba mlinzi alishika upanga. Alishika tarumbeta, akaiacha kimya, hiyo yatosha.

Mama yule alirudi kwetu juma lililopita. Tulimwambia tuliyoyaona: ya kwamba kwa maoni yetu anadai, na si kwa fadhili, ya kwamba kudai huko ni njia ndefu, yahitaji wakili, na kumbukumbu za siku alizokwenda kituoni, na mashahidi waliomwona, na ya kwamba hatuwezi kumwahidi kuwa hakimu ataona kama sisi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba fedha hazitaukunjua mkono wa mwanawe, naye hajui kama atakwenda mahakamani. "Lakini," akasema, "kesho akija mama mwingine pale mezani, nataka askari akumbuke kwamba niliandika."

Twamsaidia kuandika. Na kama yuko kati yenu aliyekwenda naye siku zile tatu, akaona muhali kulisema hilo, twamsihi ajitokeze.